Kijiti cha Kumsikiliza Bibi

Kijana mmoja hapo karakana ya meli, jina lake nalificha asije akachekwa, alinipigia simu juzi kuniuliza kama anaweza kukitupa kijiti cheusi kilichomo kwenye droo ya juu, kile kilichoharibika ncha moja kana kwamba kimetafunwa na panya. Nilimwambia asithubutu. Nilitaka kumweleza sababu, lakini simu ikakatika, maana huku kwetu Lushoto ukungu ukishuka na mtandao nao unakwenda kulala. Basi naandika. Kijiti hicho hakijatafunwa na panya. Hayo ni meno ya Fundi Hoza, na juu ya meno yake kuna ya kwangu. Fundi mwenyewe tumemzika kijijini kwake Kwai hivi karibuni, na mpaka sasa nikikaa peke yangu nasikia uchungu kifuani.

Najua kwenu nyinyi useremala wa melini ni kubadili vitasa, kufunga bawaba za makabati na kutengeneza viti ambavyo wageni wamevikalia mgongoni. Ni kazi halali, nami nimeifanya miaka yangu ya mwisho. Lakini meli hiyo mnayoisafiria haikuwa hivyo, na kijiti hicho kilikuwa chombo cha kwanza kutoka asubuhi na cha mwisho kurudi kwenye droo.

Mimi nilijifunza kazi kwenye karakana ya misheni hapa Lushoto. Tulikuwa tunafanya kazi na mkulo, mti wetu wa milimani wenye harufu kali ya kafuri. Ukiupiga randa asubuhi, shati linanukia mpaka Jumapili. Fundi Hoza alisoma hapo hapo kabla yangu, akapata kazi kwenye meli ya abiria ya ng'ambo, na kila akija likizo alipita kutusalimia. Wengine waliotoka Ulaya walikuja na miwani ya jua. Yeye alikuja na koti lake lile lile, akapita nyuma ya mabenchi, mikono mgongoni, akigonga kazi za watu kwa kidole na kuendelea bila neno.

Siku moja aligonga kabati langu, akaenda, akarudi akaligonga tena.

"Hili la nani?"

"Langu, fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Mlango umeuachia nafasi ya kupumua. Nani alikufundisha?"

Kusema kweli nafasi ile ilitokana na msumeno kukwepa mstari, lakini mtu mzima akikusifu huna haja ya kubishana naye. Likizo iliyofuata alikuja na habari kwamba msaidizi wake melini ameacha kazi, na kwamba ameshawatajia wakubwa jina langu. Alikwenda mwenyewe nyumbani kuniombea ruhusa. Mama yangu aliuliza kitu kimoja tu, huko baharini nitasali wapi. Hoza akamjibu, "Mama, huko watu wanasali kuliko huku. Ngoja upepo uanze." Mama akacheka, kisha akaingia ndani kulia.

Nilipanda ndege kwa mara ya kwanza, nikaikuta meli kwenye bandari ya ugenini yenye baridi ya kukata masikio. Wenzangu waliotoka pwani walikuwa wanatetemeka kama kuku walionyeshewa. Mimi natoka Magamba, juu ya Lushoto, baridi hatuogopani. Kilichonitisha ni ile meli. Nilikuwa nimetegemea kitu kama jengo, yale maghorofa meupe yanayoelea ambayo mnayaona kila bandari. Hii ilikuwa nyembamba, ndefu, ina pua kali mbele na tumbo lililoinuka kidogo huku na huku. Ilijengwa kuwavusha watu bahari kuu, familia nzima na masanduku yao, wakahamie bara jingine. Siku hizo hakuna aliyepanda meli kwa matembezi. Ndege zilipowachukua wasafiri, nayo ikageuzwa ya kutembeza wageni wa likizo, kisiwa hadi kisiwa. Mabaharia wote walimwita Bibi, na nitamwita hivyo.

Siku ya kwanza nilishuka karakana na patasi zangu, nimezinoa mpaka zinanyoa vinyweleo vya mkono. Hoza alizichukua zote akazifungia.

"Leo hushiki chombo. Njoo ukae umsikilize Bibi."

Akanipeleka kwenye ukumbi mkubwa wa wageni. Nyinyi mnaujua ukiwa mweupe na taa za buluu. Wakati huo kuta zote zilikuwa mbao, toka sakafuni mpaka juu, zimeng'arishwa kwa vitambaa vya watu waliokwisha kufa. Meli ilipotoka bandarini na kukutana na mawimbi, mbao zile zikaanza kusema. Ukuta wa kulia ulilia, ukanyamaza, wa kushoto ukaitikia. Nilidhani tunazama. Nilimtazama Hoza, nikakuta amefumba macho kama mtu anayesikiliza kwaya.

"Huyo mzima," akasema. "Akinyamaza ndiyo uogope."

Hapo ndipo alipotoa kijiti. Ni mpingo, mnaona, mzito kwa umbo lake. Unakishika kwa meno, ncha ya pili unaigusisha kwenye ubao, na mlio wote unakuja moja kwa moja ndani ya fuvu, bila kupitia masikio. Kelele za muziki na vijiko na wageni zinabaki nje. Unauhamisha mdomo taratibu ubao kwa ubao mpaka ufike pale ambapo mbao mbili zinasuguana. Ukipapata, unapaka nta ya mshumaa, au unasogeza kabari iliyo nyuma kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo, huku umeuma kijiti unasikia. Kazi yenyewe si kuuzima mlio. Hoza alikuwa mkali sana kwenye hilo. Ukikaza mbao mpaka zisilie, meli ikijipinda mbao hazina pa kwenda, zinapasuka. Kwa hiyo unapunguza kilio cha uchungu, unaacha kile cha kawaida. Ilinichukua muda mrefu kuvitofautisha, na muda huo wote nilikuwa naumwa mataya.

Wageni wakitukuta tumeng'ang'ania ukuta kwa meno walidhani tuna ibada fulani. Mmoja alimuuliza Hoza kama mbao zina ladha. Hoza alimwangalia, akasema kwa Kiingereza chake kifupi, "Depends," yaani inategemea, kisha akaendelea na kazi.

Sasa niwaambie juu ya wajukuu wa Bibi. Ndivyo tulivyowaita wapenzi wa meli za zamani, ingawa wengi wao walikuwa na mvi kuliko sisi. Kila safari walikuwepo wachache, na safari nyingine walikuja kundi zima. Wageni wa kawaida wakipanda wanauliza chakula ni saa ngapi. Wajukuu walipanda wakiwa wanalia. Walipiga picha ribiti za chuma, wakapiga picha mabomba ya choo, wakabishana saa nzima kama rangi ya bomba la moshi ni ile ya zamani au imekolezwa. Niliwahi kumkuta mzee mzima amepiga magoti kwenye ngazi, nikamwinua nikidhani ameanguka. Kumbe alikuwa anaangalia skrubu. Tuliwacheka sana jikoni, lakini hakuna aliyewachukia. Ukifanya kazi ya kung'arisha kitu ambacho watu wanapita bila kukitazama, halafu aje mtu atoke mbali kwa ajili ya kukitazama, huwezi kumchukia.

Mkubwa wao alikuwa mama mmoja aliyeitwa Ingrid. Alikuwa mtoto mdogo familia yake ilipohama kwa meli hii hii, yeye na baba yake na mama yake, na alisema kitu pekee anachokikumbuka katika safari ile ni mlio wa mbao. Baba yake alimwambia kuwa meli inasimulia hadithi, kwa hiyo alale. Wazazi wake walishafariki, nyumba waliyohama iliuzwa, nchi waliyohamia waliihama tena. Mlio ndio uliobaki. Kila mwaka alipanda, akakaa kwenye ukumbi na kinasa sauti chenye manyoya kama paka, akawa anamrekodi Bibi.

Hoza alimpenda kwa sababu alikuwa na adabu. Alimfundisha shikamoo siku ya kwanza, maana Hoza alikuwa mkubwa kwake kwa miaka michache na hakukubali kupitwa bila kuamkiwa, uwe mgeni au kapteni. Mama Ingrid akalipenda neno, akawa analitoa kwa kila mtu. Alimwamkia mwosha vyombo, akamwamkia kijana wa kubeba mizigo, vijana wakawa wanaitikia marahaba kwa sauti nzito na kutembea vifua mbele. Hoza aliposikia alisikitika, lakini hakuwa na Kiingereza cha kutosha kurekebisha jambo lile.

Ipo siku moja naomba muikumbuke. Bahari ilikuwa imechafuka mchana kutwa, wageni wengi wapo vyumbani wanaumwa, ukumbi mtupu. Mama Ingrid alifurahi kama mtu aliyeona harusi. Bibi alikuwa analia kwa kila ubao. Akaweka paka wake juu ya piano, akatuomba kwa mikono tunyamaze. Mimi nikasimama. Hoza alikuwa kwenye kona, ameuma kijiti, anasogeza kabari. Kugonga kwake mnakujua nyinyi mliofundishwa na mimi: pigo, unasubiri meli ijipinde irudi, ndipo pigo jingine. Mama Ingrid akamwonyesha ishara aache kidogo. Hoza akatoa kijiti mdomoni.

"Mwambie huyo mama mimi niko kazini. Huyu analia kwa maumivu, siwezi kumwacha kwa ajili ya kumrekodi."

Nikatafsiri kwa upole kuliko ilivyosemwa. Mama Ingrid alicheka, akaiacha mashine iendelee. Jioni aliniambia rekodi ile imeharibika, kuna mtu anagonga mwanzo mpaka mwisho.

Sijui lini hasa masikio ya Hoza yalianza kuondoka. Karakana yetu ilikuwa ukuta kwa ukuta na mitambo, na alikaa pale miaka mingi kuliko mtu mwingine. Nilianza kuona kwamba nikimwambia "onga makeo", salamu yetu ya asubuhi ya Kishambaa, anachelewa kuitikia, nikadhani nimemkosea. Kisha nikaona anatazama midomo. Kazi haikubadilika hata kidogo, maana kwa meno alisikia vile vile, na pengine zaidi. Akiwa ameuma kijiti alinionyesha kwa kidole sehemu ambayo mimi mwenye masikio mawili mazima nilikuwa nimeipita. Lakini meli ina ving'ora, na baharia asiyesikia king'ora ni hatari kwake na kwa wenzake. Alipopelekwa kupimwa hakusikia karibu kitu chochote. Hakuna aliyemwonea. Wote walioshika karatasi yake walikuwa na huzuni, na daktari mwenyewe alimshikilia mkono muda mrefu.

Siku ya kushuka nilimbebea sanduku. Alinikabidhi kijiti mbele ya ngazi.

"Hiki hakishuki melini. Mimi nilikikuta, aliyenipa naye alikikuta. Siku yako ikifika, unakiacha."

"Sawa, fundi."

"Na ukija likizo, unakuja kwangu kwanza unaniambia anavyolia."

Alishuka ngazi taratibu, mkono mmoja ubavuni mwa meli mpaka mkono ulipokosa pa kufika. Wajukuu kadhaa walikuwa gatini wanapiga picha pua ya Bibi. Hawakujua nani anapita katikati yao, na yeye hakusikia walipomwomba asogee kidogo.

Ahadi niliitimiza. Kila likizo nilipanda bodaboda hadi Kwai, nikakaa naye kwenye baraza, mbele yetu kabichi na ng'ombe wake wa maziwa, nikamwelezea. Mjaribu siku moja kumweleza kiziwi mlio wa mbao. Nilitumia mikono, nilitumia mdomo, nikajipinda kwenye kigoda kama meli. Mkewe, Mama Rehema, alitoka jikoni akauliza kama ninaumwa tumbo. Hoza alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akauliza, "Na ule wa karibu na piano?" Kila mwaka aliuliza huo. Ulikuwa ubao msumbufu, na alikuwa ameniachia mimi.

Halafu likaja jambo la mbao. Sheria za moto baharini zilibadilika, na kuta za mbao kavu za miaka ile hazikuruhusiwa tena kwenye meli ya abiria. Siilaumu sheria. Moto baharini si mchezo, hakuna pa kukimbilia, na mimi mwenyewe nililala juu ya bahari ile. Kwa Bibi yalikuwa mambo mawili: aende kukatwa vyuma chakavu, au avuliwe mbao aendelee na kazi. Akavuliwa. Tulipoingia chelezoni kwa kazi hiyo, wajukuu walikuja kutoka kila upande wa dunia kuaga ukumbi. Walipita mmoja mmoja wakiweka viganja ukutani. Mama Ingrid alikaa kwenye kiti chake mpaka mlinzi alipomwomba atoke.

Mimi ndiye niliyezibandua. Walileta mafundi wenye mashine, nikawaomba wakubwa mbao za ukumbi niachiwe nizitoe kwa mkono, wakanikubalia. Nilianza mlangoni, nikamalizia pale penye piano. Nyuma ya kila ubao kulikuwa na kabari za Hoza, ndogo, safi, kila moja amekata kwa nafasi yake, na nta yake bado ina alama ya kidole gumba. Nilizikusanya kwenye ndoo. Sijawahi kufanya kazi iliyoniumiza kama ile, na niliifanya vizuri, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kumheshimu.

Tulipotoka tena baharini ukumbi ulikuwa mweupe, na Bibi alikuwa kimya. Wageni walilala vizuri sana. Waliandika sifa nyingi. Mimi siku za kwanza sikuweza kulala, nilikuwa nasubiri. Asubuhi nilikichukua kijiti kwa mazoea, nikauma, nikagusa ukuta mpya. Nikasikia friji. Nikakirudisha kwenye droo, na hapo ndipo mlipokikuta. Mama Ingrid alipanda mara moja tu baada ya hapo. Aliingia ukumbini, akaketi, akatega sikio, akaniambia shikamoo na kwenda chumbani. Hakuwa amekuja na paka wake.

Likizo zilizobaki nilimkwepa Hoza kwa njia ambayo mtu hawezi kulaumiwa: nilikwenda, lakini kila mara na watu. Nilipostaafu na kurudi moja kwa moja, hapakuwa tena na njia ya kukwepa. Nilimkuta amekonda, kitandani zaidi kuliko barazani, kifua kinamsumbua kwenye baridi ya Kwai. Masikio yalikuwa yamefunga kabisa. Mama Rehema alizungumza naye kwa midomo tu, bila sauti, na nyumba ile ilikuwa kimya mno.

"Umekiacha kijiti?"

Nikatikisa kichwa kuitikia.

"Vizuri. Na Bibi? Bado analia?"

Nilimtazama. Nikamweleza kwa mikono: ukuta, nyundo, mbao zinashuka, moja, nyingine, zote. Nikamwonyesha mimi ndiye. Nikaweka kidole mdomoni: kimya. Alielewa mapema kuliko nilivyotaka. Akauliza, "Zote?" Nikasema zote. Akageukia ukutani, na siku ile hakuniaga.

Mama Rehema alinisindikiza hadi kwenye njia. Alisema tangu arudi nyumbani mzee akiumwa hujilaza chali, akimwuliza anafanya nini hujibu anamsikiliza Bibi. "Sasa atasikiliza nini?" akaniuliza. Hakuniuliza kwa lawama, lakini nilitembea na swali lile mpaka Lushoto. Kuanzia hapo Hoza alikula kidogo kidogo, akawa anazungumza kidogo kidogo. Niliogopa ataondoka akiwa na picha ile moja ya mikono yangu inayobandua.

Nikamwandikia Mama Ingrid. Nilimwomba rekodi yoyote ya mlio. Alijibu baada ya siku kadhaa, na jibu lilinivunja moyo. Kompyuta yake ilikufa, ikafa na rekodi zote nzuri. Alikuwa amebaki na moja, ambayo aliiweka kando kwa sababu ilikuwa mbovu, kuna mtu anagonga. Akanitumia hiyo kwenye simu, akaomba radhi. Mwishoni aliandika shikamoo kwa Fundi Hoza.

Niliazima spika ndogo ya kwaya ya usharika wetu, ile ya kuchaji, nikamwahidi mwalimu wa kwaya kwamba haitaingia mvua. Nilifika Kwai adhuhuri, nje ukungu umeshuka hadi kwenye kabichi. Mama Rehema alikuwa anasonga ugali. Tulimketisha Hoza kwenye kiti, blanketi mabegani, mbele ya meza yake aliyoitengeneza mwenyewe kwa mkulo. Nikaweka spika juu ya meza, nikaiunganisha na simu, nikafungulia.

Bibi akajaa chumbani. Mimi nikakaa. Mama Rehema, ambaye alimsikia mumewe akisimulia habari za Bibi maisha yao yote ya ndoa, alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikia.

"Ndiyo huyu?" aliniuliza. "Mbona kama mlango unaotaka mafuta."

Hoza alikuwa anatutazama sisi wawili, mmoja baada ya mwingine. Niliinua spika, nikamwekea sikioni, nikaongeza sauti mpaka mbwa wa nje wakabweka. Alisubiri kwa adabu. Kisha akausukuma mkono wangu.

"Ahsante kwa kuja. Sisikii kitu."

Alisema hivyo kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Nikainamisha kichwa. Nilikiwaza kijiti, kimelala kwenye droo huko baharini, mahali ambapo mimi mwenyewe nilikiacha kama alivyoagiza. Nilipoinua macho niliuona mwiko.

"Mama, niazime huo."

"Una ugali huu."

"Ufute tu."

Akaufuta kwa upindo wa kanga, akanipa. Nikaweka ncha moja juu ya spika, ya pili nikamwelekezea Hoza mdomoni. Alinitazama kama mtu anayetaniwa vibaya. Halafu akaelewa. Meno ya mbele yalikuwa hayapo tena, akatafuta ya pembeni, akauma.

Macho yaliganda kwenye meza. Kisha nikaona bega lake la kulia linashuka taratibu, linapanda, la kushoto linashuka. Alikuwa anakwenda na meli. Mama Rehema akaweka mkono mdomoni.

"Bahari imechafuka," Hoza akasema kupitia meno. "Mchana huu. Ukumbi hauna watu." Akasikiliza. "Huyo wa karibu na piano huyo. Si nilikwambia umpake nta?"

Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, aliniambia. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa imeshikilia mwiko na spika.

Uso wake ukabadilika. Akakunja nyusi, akauma zaidi.

"Kuna mtu anagonga."

Kugonga kulisikika chini ya kilio cha mbao, pigo, meli inajipinda, inarudi, pigo.

"Anasogeza kabari. Hana haraka huyu, anamngoja arudi." Akanitupia jicho. "Ni wewe?"

Nikakataa kwa kichwa.

"Nani, basi? Anaijua kazi."

Sikuwa na mkono wa kuonyeshea. Mama Rehema ndiye aliyesogea, akainama, akaweka kidole kifuani pa mumewe, juu ya blanketi, akakiacha hapo. Hoza alikitazama kile kidole. Alimtazama mkewe usoni, akarudi kwenye kidole. Pigo likasikika, na likafuata jingine.

Taya lake lilikuwa limechoka, niliona. Nikafanya kama nautoa mwiko apumzike. Akaushika kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Mwache," akasema. "Mwache amalize."

Nikamwachia. Tulikaa hivyo watatu, ugali unapoa jikoni, mpaka aliyekuwa anagonga alipomaliza.